Amri ya Kung'oa Matembele

Mimi Pazi bin Ahmadi, mwanafunzi wa darasa la nane katika shule moja ya bweni huko Lindi, mwenye akili timamu na kaptula mbili, naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wamekwisha kukisimulia kisa hiki vya kutosha. Ni haki mkosaji naye apewe zamu.

Likizo ya Juni nilikuwa Kikole kwa bibi yangu, Bibi Mastura. Bustani yake ilikuwa bondeni karibu na kisima, imepakana na ya jirani yake Mwanaima, ambaye mumewe alikuwa akikata mkonge huko Tanga. Wote wawili walilima kwa namna moja: bamia na bilinganya zimesimama, na chini yake matembele yametambaa hadi udongo hauonekani. Walichuma ncha zake kwa kitoweo, na kwa kuwa jua halikuufikia udongo, walimwagilia mara moja tu kwa siku tatu. Magoti ya bibi yasingeweza zaidi ya hapo. Hadi mvua za Novemba, mboga ya nyumba zile mbili ilitoka pale, si penginepo.

Shuleni tulifundishwa vingine. Mwalimu wetu wa bustani alitaka udongo kati ya mistari uwe mtupu, umefagiwa kama uwanja wa gwaride. Basi nikamwambia bibi kwamba bustani yake ni pori.

"Pori linalokushibisha, mume wangu," akasema. "Ardhi nayo ina haya. Unataka niivue nguo mchana kweupe?"

"Mke wangu, wewe umepitwa na wakati."

"Na wewe umepitwa na maji ya kuoga."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na mtani hakasirikiwi. Nilitandikwa kwa maneno, ikawa zamu yangu kujibu. Nikachukua karatasi ya daftari na kuandika kwa mwandiko wangu bora: *Kwa wenye bustani wote. Kuanzia leo, mmea wowote utambaao chini ya mboga ni marufuku. Udongo uonekane. Atakayekaidi ataitwa bomani.* Muhuri niliuchonga kwa kipande cha muhogo nikauchovya wino. Kwa muhuri ule, nakiri, nilijiona mtu mkubwa.

Nikamsomea kwa sauti ya karani mwenye mafua. Nilingoja acheke au anikimbize na mwiko. Hakucheka. Aliitazama karatasi, akagusa muhuri kwa kidole.

"Imetoka bomani?"

"Bomani kabisa."

Akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Nikawaza: mzaha mzuri huachwa uive. Alfajiri nilidandia lori la kwenda Kivinje kwa mjomba, nikakaa siku tatu nikiwachekesha vijana wenzangu kwa habari za muhuri wa muhogo.

Niliporudi, nilipitia bondeni kwanza. Udongo ulikuwa uchi, mwekundu, umeanza kupasuka. Majani ya bamia yalining'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Matembele yalikuwa yamerundikwa kando, na mbuzi halisi walikuwa wamekula zaidi ya nusu. Bustani ya Mwanaima nayo ilikuwa vilevile.

Bibi alikuwa anapanda kutoka kisimani na debe kichwani, akipumzika kila hatua tano.

"Mume wangu, umerudi! Tumemaliza juzi. Mwenzangu alinisaidia. Sasa tunamwagilia asubuhi na jioni, na bado mboga hazitaki."

"Bibi," nikasema, maana 'mke wangu' haikutoka. "Ile barua niliandika mimi. Ilikuwa utani."

Alitua debe chini na kukaa juu ya jiwe.

"Babu yako alilala bomani siku nne," akasema, "kwa kuchelewa kupanda muhogo ulioamriwa na Wazungu. Hukuwa umezaliwa." Kisha akapangusa uso. "Haya. Mimi mtani wako, siwezi kukukasirikia. Lakini Mwanaima si mtani wako."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Utani una mpaka wake, na mimi niliuvuka kwa muhuri.

Bibi aliniona nilivyonywea, akanihurumia. "Andika nyingine," akanong'ona. "Useme serikali imebadili amri. Hatajua."

Niliiandika, Mungu anisamehe. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Nikaenda nayo kwa Mwanaima, nikamkuta amepiga magoti, akitia maji mche mmoja mmoja kwa kata ya kifuu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta barua nyingine? Isome, wewe ndiye macho yetu."

Nikafungua karatasi. Sauti ya karani haikuja. Nikaichana, nikamwambia yote: karatasi ya daftari, wino, kipande cha muhogo, hata vicheko vya Kivinje.

Nilitarajia kofi na ningelipokea kwa shukrani. Mwanaima alibaki na kata mkononi, maji yakimwagikia mguu wake.

"Na zile za mume wangu?" akauliza. "Ulizonisomea mwaka jana. Kwamba ni mzima, kwamba atarudi. Nazo ulitunga?"

"La! Wallahi zile ni zake!"

"Na ile ya bomani, nayo uliniapia?"

Sikuwa nimemwapia. Yeye hakuwa hata ameniuliza, na hilo halikunisaidia kitu. Aliingia ndani, akatoka na barua tatu zilizofungwa kwa uzi, akashika njia ya kwa Sebastiani, mwalimu wa dini wa Wakatoliki, mwendo wa saa nzima juani.

Nilichagua vipande vya matembele vilivyobaki na uhai chini ya lundo. Nikavichomeka katika bustani yake, kimoja kimoja, nikichota maji mwenyewe. Vipande vilikuwa vichache na udongo ulikuwa mwingi. Nilijua havitaufunika kabla sijarudi shuleni, huenda hata kabla ya bamia kufa.

Jua lilikuwa limeinama aliporudi. Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilimsikia akisimama nyuma yangu.

"Sebastiani amesoma," akasema. "Ni zilezile ulizonisomea."

Alichukua debe mikononi mwangu, akaenda kisimani mwenyewe.