Ukurasa wa Thelathini na Tatu

Dada alifariki Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, na gundi ya vitabu alivyovifunga jana yake ilikuwa bado haijakauka. Shemeji, mume wake, alinishika mkono pale hospitali akaniambia tamasha la vitabu la mwaka huu tutalifanya kwa jina lake. Nilimwamini. Kiwanda chetu cha kuchapa kilikuwa sisi watatu tu: yeye kwenye mashine, dada akikunja na kushona, mimi nikikata kingo.

Niandike jinsi tamasha lilivyoanza, nisije nikasahau. Mteja alileta hadithi yake tumchapie nakala mia mbili. Kitabu hukusanywa kwa mikunjo, kila mkunjo kurasa kumi na sita. Dada alikuwa na homa siku ile, akautanguliza mkunjo wa tatu. Vitabu vyote vikaanzia ukurasa wa thelathini na tatu. Shemeji alimfokea mbele ya mteja, akasema ndiyo faida ya kuoa mtu asiyejua kuhesabu. Mteja akavikataa.

Jumamosi dada alivibeba hadi nje ya maktaba, akavipanga mezani, akawa anawaita wapita njia.

"Njoo usome katikati. Mwanzoni kila mwandishi amevaa nguo za sikukuu. Huku utamkuta na za nyumbani."

Watu walicheka, wakasoma kwa sauti, wakabishana ni nini kilichotokea kabla. Mwaka uliofuata walikuja na vitabu vyao. Mwaka wa sita tukapewa ukumbi wa mji. Siku hizi foleni huzunguka jengo zima, na kila anayepanda jukwaani hufungua ukurasa wa thelathini na tatu.

Mwaka huu nilikaa safu ya nyuma, nimevaa gauni la dada la bluu, nikingoja atajwe. Shemeji alipanda na suti mpya. Akasimulia homa, mikunjo, mteja aliyekataa, meza ya nje ya maktaba. Hakuacha kitu, ila mwenye homa alikuwa yeye. Hata yale maneno ya nguo za sikukuu aliyasema kama yake, na ukumbi ukavunjika mbavu. Dada alipata nafasi moja tu: "marehemu mke wangu, aliyenivumilia."

Nilimfuata nyuma ya jukwaa, nikamuuliza ni nani aliyekunja vile vitabu.

"Usinianzishie hapa, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanataka mtu wa kumpigia makofi. Yeye hayupo. Wampigie nani?"

"Lile kosa lilikuwa lake."

"Basi nimembebea." Akanyoosha tai. "Ulitakiwa unishukuru."

Mtu wa magazeti alikuwa anamsubiri, shemeji akamwendea. Nilibaki nimesimama katikati ya viti vilivyokunjwa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikalia kwa sauti.

Tamasha la mwakani limeongezwa siku mbili, na kwenye matangazo yake kuna picha ya shemeji peke yake. Mimi nimehamia kiwanda cha ng'ambo ya barabara. Nakata kingo za madaftari ya shule, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili hadi saa kumi.