Malafyale Hajaruhusiwa

Nsajigwa alikuwa akishindilia kwa nyayo udongo wa mwisho juu ya kaburi la Malafyale Mwakabenga, mtawala wa nchi ile toka Ikolo mpaka Mwaya, na alikuwa amekwisha kuwaambia wanawake wazime mioto. Ndiyo desturi. Malafyale akienda, kila jiko humwagiwa maji, kisha wazee wa vijiji humkamata mrithi, humkalisha, nao humpekechea moto mpya. Moto ukiwaka, ndiye. Safari hii mrithi alikuwa Aliko, mwana wa marehemu, na mpekechaji alikuwa Nsajigwa.

Nsajigwa alikuwa na haraka yake. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimeanza huko mto Songwe, boma likataka wapagazi, na Aliko alikuwa amesema wazi kwamba akitawala hatatoa hata kijana mmoja. Nsajigwa alikuwa na mwana mmoja tu, Anyisile, mwenye mabega mapana. Mabega yale yaliyokuwa fahari ya nyumba sasa yalimnyima baba usingizi.

Kabla kijiti hakijaguswa, akafika Zebedayo, mkalimani wa boma, aliyekuwa akikaimu tangu Malafyale alipoanza kukohoa. Hakupandisha sauti.

"Sheria ni hii," alisema. "Mtawala hafi mpaka bwana mkubwa wa boma amwone na kukubali kwamba amekufa. Bwana mkubwa yuko vitani. Kwa hiyo Malafyale anaumwa, nami nakaimu."

"Tumemzika," alisema Nsajigwa.

"Mmeharakisha."

Asubuhi iliyofuata Malafyale alikuwa ameketi barazani kwake, udongo masikioni, magoti yamekaa pamoja. Kaburi lilikuwa wazi na udongo wake umerundikwa kando kwa adabu. Hakuna aliyepiga yowe. Miaka ya nyuma Malafyale aliwahi kuchelewa kuitika wito wa boma, akachapwa kiboko mbele ya wakwe zake, na tangu hapo hakuchelewa tena. Wake zake walimpangusa, wakamwekea ndizi. Hakuzigusa, na nzi nao hawakumgusa yeye.

Nsajigwa akapekecha. Alipekecha mpaka viganja vikachubuka. Kijiti kikapoa, kisha kikaanza kutoa maji. Wazee wengine walijaribu, ikawa yale yale. Moto mpya hauingii katika nchi ambayo mwenyewe hajaondoka, na ule wa zamani walikuwa wameuzima wao wenyewe, kwa mikono yao, kabla ya kuulizwa na mtu. Wazee wazima! Uliobaki ni moto wa Zebedayo tu, ambaye kwa kuwa ni mtu wa kuja, hakuona haja ya kuzima jiko lake.

Basi kila jioni wanawake wa nchi nzima walijipanga uani kwake, kila mmoja na kigae cha chungu, wakapewa kaa la moto. Kaa lile liliivisha wali vizuri, ila halikumpasha mtu joto. Watoto walilizunguka meno yakigongana, katika nchi ambayo hata kivuli kina jasho. Nyumba isiyotoa mpagazi haikupewa kaa.

Nyumba ya Nsajigwa ilikula ndizi mbichi mpaka mkewe, Neli, akashindwa kusimama. Ndipo Nsajigwa alipokwenda barazani kwa Malafyale.

"Mugonile, malafyale," alimsalimu.

"Ndaga, Nsajigwa." Sauti ilitoka na vumbi.

"Ulikufa. Nilikufumba macho mimi mwenyewe."

"Najua. Ulinifumba vizuri, sikuumia."

"Basi rudi ulale, mwenzangu, Aliko atawale. Wanamtaka Anyisile wangu."

Mchwa alimtoka Malafyale sikioni, akatazama jua, akarudi ndani.

"Nikiondoka bila ruhusa wataniita mtoro," alisema. "Wewe hukijui kiboko."

Nsajigwa alimwonea huruma, na alimchukia, vyote kwa pamoja. Akarudi nyumbani akakuta kaa linawaka jikoni na Neli anakunywa uji. Anyisile alikuwa amekwenda mwenyewe.

Mvua zilipoanza, vijana waliotoroka msafara walileta habari. Anyisile alikuwa ameharisha siku kadhaa, akafa ng'ambo ya Songwe, wakamfunika kwa nyasi kwa kuwa hapakuwa na jembe. Neli alinyoa nywele. Nsajigwa alikwenda kwa Zebedayo kuomba msiba wa mwanawe utangazwe.

"Bwana mkubwa amemwona?" aliuliza Zebedayo.

"Hapana."

"Basi bado yumo kazini."

Neli alikuwa akipalilia mpunga kule Makwale msafara wa wapagazi ulipopita njiani. Anyisile alikuwamo, karibu na mwisho, sanduku la risasi kichwani, macho yamefumbwa, nyasi zimemshika shingoni. Hakukosea hatua. Neli aliacha jembe akamfuata.

"Tua, mwanangu. Tua upumzike."

"Sijaruhusiwa, mama."

Askari hakumfukuza. Neli akatembea ubavuni mwa mwanawe mpaka mtoni, mkono mmoja umeinuliwa chini ya sanduku ili limpungukie uzito. Msafara ukavuka, naye akarudi, maana mpunga ulikuwa na magugu.

Walipopita tena, Nsajigwa alitoka shambani, akashika upande wa pili wa sanduku.