Mistari Mchangani

Miguu ya Mbula iligoma katikati ya mto. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, kama ilivyo mito ya Kitui karibu mwaka mzima, lakini mvua ya Novemba 1984 ilikuwa imenyesha huko juu, na sasa alisikia ngurumo isiyotoka mbinguni. Maji yalikuwa yanakuja.

Alijaribu kuinua mguu. Wapi! Maradhi ya Parkinson ni jeuri: mkono usioitwa unatetemeka, mguu unaoitwa unaganda. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini yeye hata kutapatapa hakuweza. Akapiga yowe jembamba la kifaranga.

Aliyelisikia ni Mutie. Jamani, kati ya watu wote wa kijiji chao cha Kabati, Mungu amletee mkwewe! Mume wa bintiye Mumbua, ambaye yeye naye, tangu mahari ilipopokelewa, hawakuwa wamewahi kutazamana usoni wala kugusana. Ndiyo heshima ya Wakamba: mkwe na mama mkwe wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Mutie alishuka mbio na fimbo yake ya kuchungia, kisha akafika mbele yake na kumpa mgongo. Mbula aliingiwa na hofu upya. Nitakufa kwa adabu, aliwaza.

Mutie akaanza kuchora mistari mchangani kuelekea ukingoni. Mbula alielewa papo hapo. Ndivyo hospitalini walivyomfundisha kutembea, kwa mistari ya chaki sakafuni, na bila shaka Mumbua alimsimulia mumewe.

"Mama, ruka laini," Mutie alisema, bado amegeuka. "Maji usiangalie. Angalia laini tu."

Mbula akaukazia macho mstari wa kwanza, na mguu ule ule mkaidi ukainuka. Akavuka. Akavuka na wa pili. Alitembea huku analia kwa woga.

Kisha maji ya kahawia yakamfikia miguuni, yakafuta kila kitu. Mutie aliendelea kuchora, fimbo isiache alama. Miguu ya Mbula ikaganda tena, maji yakapanda magotini. Mutie alisimama pale na hakugeuka. Mbula akajua hatageuka mpaka yeye, aliye mkubwa, amruhusu.

"Mutie!" aliita. Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo mbele yake. "Geuka, mwanangu. Nibebe."

Mutie akageuka, akamtazama usoni, akambeba mgongoni, akimwomba msamaha mpaka ng'ambo.