Mshindani wa Hamidi

Mimi Fauzia, mkulima wa ufuta wa kijiji cha Mtua, wilaya ya Nachingwea, sina ugomvi na matajiri. Nina ugomvi na Hamidi. Alikuwa na supamaketi moja pale Nachingwea, na bei zake zikituchoma tulimtuma bodaboda atuletee bidhaa kutoka supamaketi ya kampuni ya Mavuno, Ruangwa. Hilo lilimkera sana. Mavuno walipoamua kufunga virago, akawanunua wote, jengo, majokofu na wafanyakazi. Wiki hiyo hiyo sabuni ikapanda bei Nachingwea na Ruangwa kwa pamoja.

Tukapiga kelele. Akaja afisa wa ushindani wa biashara, Bwana Dominiko, mtu mpole, akamwambia Hamidi auze duka moja kwa mshindani, la sivyo ununuzi wote unafutwa.

Hamidi ana wake wawili. Bi mkubwa, Mwamina, anaishi Nachingwea. Bi mdogo, Asmaa, yuko Ruangwa. Akamuuzia Asmaa duka la Ruangwa kwa bei ya kutaja tu, kisha akaapa mbele ya Dominiko kwamba wilaya hizi mbili hazina watu wanaoshindana kama yeye na mwanamke yule. Dominiko akasaini.

"Duka limetoka mfuko wa kulia, likaingia wa kushoto," Hamidi alitutambia kijiweni.

Hakumjua mkewe. Asmaa alishusha bei, bodaboda zikarudi barabarani, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Hamidi akakimbilia Ruangwa.

"Pandisha bei, Asmaa. Duka letu linakufa."

"Lako hilo, Baba Raudha. Langu limechangamka."

"Mimi ni mumeo!"

"Ndiyo, na ulimwapia afisa kwamba tunashindana. Sitaki mume wangu aonekane mwongo. Kula, wali unapoa."

Akarudi Nachingwea kutafuta faraja, akamkuta Mwamina amemkalisha shehe sebuleni.

"Baba Sadiki, mwenzangu umempa duka. La kwangu liko wapi?"

"Sikumpa, nimemuuzia!"

"Kwa bei ile?"

Shehe akakohoa, akaeleza taratibu kwamba mwenye wake wawili akimpa mmoja zawadi, ampe na mwenzake, hata ikiwa jozi ya kandambili. Kwetu mwanamume anaweza kukwepa kodi na bado akaitwa mjanja, lakini akimpunja mke mmoja hata muuza karanga atamsuta. Hamidi hakuwa na pa kutokea. Duka la Nachingwea likaandikwa jina la Mwamina.

Sasa sisi wateja tukakaa mkao wa kula. Tuliamini wake wenza watashindana mpaka watugawie sukari bure. Mimi nilishanunua ndoo ya kuihifadhia. Kumbe wamepatana! Wanawake waliokuwa hawasalimiani hata msibani wakaanza kuagiza mzigo kwa lori moja, wakatundika mabango yanayofanana: WAKE WENZA SUPAMAKETI. Sabuni ikapanda tena. Roho iliniuma, nasema kweli.

Hamidi ilimuuma zaidi. Alikuja dukani Nachingwea tukiwa kwenye foleni, akasimama katikati ya rafu na kufoka.

"Nakwenda kwa Dominiko! Hamruhusiwi kushika soko lote, ninyi wawili!"

Mwamina alikuwa kaunta, akipima mchele wa mteja. Hakuinua hata uso.

"Kashitaki, Baba Sadiki. Wakituamuru tuuze duka moja kwa mshindani, mimi na Asmaa tutakuposea mke wa tatu, tumuuzie."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hamidi akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Halafu akachukua kikapu, akatia sabuni mche mmoja, akaja kusimama nyuma yangu.

"Hii bei ni wizi," aliniambia kwa hasira.

Nikamwambia kama hanunui asogee, watu wengine wapite.