Ahadi ya Bibi Saa Nne

Mwanamke ambaye nchi nzima ilimwita Bibi Saa Nne alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: hakutamka hewani jambo asiloliamini. Redio ya taifa ilikuwa na idhaa tatu. Ya Kwanza ilikuwa ya habari, ya Tatu ya muziki, na ya Pili, ambayo ndiyo aliyoitumikia kwa miaka ishirini na sita, ilikuwa ya shule, wakulima na wagonjwa. Kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi, aliketi, akavuta pumzi, akasema, "Wapenzi wasikilizaji, ni mimi, Bibi Saa Nne." Hapo, katika shule zenye kitabu kimoja kwa watoto kumi, walimu waliweka chaki chini na kupandisha sauti ya redio.

Ulipozagaa uvumi kwamba Idhaa ya Pili ingefungwa na masafa yake kupewa ya Tatu, barua zilimiminika. Alizisoma zote. Kisha siku moja, mwishoni mwa kipindi, akatoa ahadi ambayo hakuwa ameiandika popote.

"Siku idhaa hii itakapofungwa, mtayasikia hayo kinywani mwangu. Mtu mwingine akiwaambia, msimsadiki. Nami sitasema neno mpaka nione kwa macho yangu uamuzi wa bodi."

Kesho yake mkurugenzi alimwita ofisini.

"Bibi, tunaomba utusomee tangazo dogo tu."

"Bodi imekaa lini?"

"Itakaa. Huo ni utaratibu tu."

"Basi nami nitasoma ikishakaa. Huo nao ni utaratibu tu."

Mkurugenzi alicheka kwa pua, akafunga faili. Hakumbembeleza wala hakumtisha, na Bibi Saa Nne akatoka akiamini kwamba yamekwisha.

Fundi mitambo wa Idhaa ya Pili alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Wazee wa ukoo walipomkataa kijana yule kwa kuwa hakuwa na mbele wala nyuma, yeye ndiye aliyesimama akasema, "Huyu namjua, nafanya naye kazi." Shemeji huyo alikuwa na mzaha mwingi, na mikono yake juu ya mitambo ilikuwa myepesi kuliko ya fundi yeyote katika jengo lile.

Jumanne, kipindi kilipokwisha, shemeji yake alimzuia mlangoni.

"Shemeji, maneno yako ya akiba yamechakaa. Ukisema 'Jumatano', mtu anasikia kama unakaanga vitunguu."

"Si wewe uliyeyachakaza?"

"Ndiyo maana nataka mapya, kabla sauti haijazeeka."

"Sauti yangu haizeeki. Angalia kichwa chako, nywele zimebaki saba na mbili zimeaga."

Wakacheka wote wawili.

Maneno ya akiba yalikuwa desturi ya zamani ya redio ile. Kila msomaji alirekodi siku za juma, tarakimu, majina ya idhaa na vipande vya matangazo ya dharura, ili akiugua, fundi aweze kuyaunganisha. Desturi hiyo ilikuwa na sharti moja, na aliyelipigania hata likakubaliwa ni Bibi Saa Nne mwenyewe: tangazo la kuunganishwa lisirushwe kabla mwenye sauti hajalisikiliza na kutia sahihi.

Alisoma kurasa mbili. *Kuanzia. Jumapili. Jumatatu. Idhaa ya Kwanza. Idhaa ya Pili. Barabara imefungwa. Shule imefungwa. Hospitali imefungwa.*

"Hospitali gani tena hufungwa?"

"Ya dharura, shemeji. Soma tu, tukale."

Akasoma. *Sikilizeni. Asanteni. Kwaherini.* Shemeji yake alikuwa nyuma ya kioo, ameinamisha kichwa, na mara hii hakumtania alipomaliza. Bibi Saa Nne alidhani ni njaa.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Bibi Saa Nne alikuwa kwa fundi cherehani, amenyoosha mkono apimwe hadi kwenye kiwiko. Redio ilikuwa rafuni, katikati ya mabunda ya vitambaa. Muziki ukakatika.

"Wapenzi wasikilizaji, ni mimi, Bibi Saa Nne. Kuanzia Jumatatu, Idhaa ya Pili imefungwa. Sikilizeni Idhaa ya Kwanza. Asanteni. Kwaherini."

Fundi cherehani aliitazama redio, akamtazama mteja wake, akaitazama redio tena.

"Bibi, si uko hapa?"

"Niko hapa."

"Kumbe huwa mnarekodi. Haya, umetuambia mwenyewe, kama ulivyoahidi. Nilikuwa namwambia mume wangu, wakisema wengine ni porojo, ngoja tumsikie Bibi."

 Sauti ile ilikuwa yake, safi kabisa, ila haikuvuta pumzi mahali popote. Ilitoka salamu hadi kwaheri mfululizo, kama ya kiumbe kisicho na kifua. Alivaa koti lake juu ya nguo iliyokuwa bado na pini, akaenda redioni kwa miguu.

Alimkuta shemeji yake peke yake katika chumba cha mitambo, anazungusha waya mkononi.

"Nani ametia sahihi?"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Nimekuuliza, nani ametia sahihi?"

Alisogeza mezani daftari la sahihi. Mahali pa mwenye sauti palikuwa na jina la mkurugenzi.

"Sikuongeza hata neno moja," alisema. "Yote ni maneno yako."

"Maneno ni yangu. Aliyesema ni wewe."

"Wangefunga tu. Ungekataa, wangekutoa kwa aibu, na mimi nyuma yako. Sasa umeondoka na heshima yako, watu wanakushukuru. Simu hazijanyamaza tangu saa tatu."

"Wanashukuru kwa kuwa wamenisadiki. Niliwaambia wasimsadiki mwingine, nawe ukachukua hilo hilo ukawapiga nalo."

Shemeji yake aliuweka waya mezani. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa kitu ambacho angependa kibaki mfukoni: "Hata mdogo wako aliona ni afadhali hivi. Nilimweleza Jumatatu."

Jumatatu. Jumatano mdogo wake alikuwa amekuja nyumbani, wakapepeta mchele pamoja, akamwambia, "Dada, siku hizi umechoka, pumzika." Bibi Saa Nne alikuwa ameona ni huruma. Aliketi sasa, si kwa sababu aliombwa.  

Simu ya mezani ililia. Shemeji yake alinyoosha mkono, lakini Bibi Saa Nne alimtangulia.

"Bibi Saa Nne hapa."

Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya mbali, mmoja wa wale waliomwandikia kila muhula. Alimshukuru kwa miaka yote. Alisema wamekwisha kuondoa kipindi chake katika ratiba ya Jumatatu.

"Mwalimu, usiondoe. Sikusema mimi. Sijaona uamuzi wowote wa bodi."



"Lakini tumekusikia. Walimu wote tulikuwa ofisini, kwenye kikao."

"Wameunganisha sauti yangu."

"Samahani, Bibi. Wewe mwenyewe ulituonya tusimsadiki mtu mwingine. Sasa nitajuaje kwamba hata hii ya simu haijaunganishwa?"

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa mtu mwadilifu aliyeshika agizo alilopewa, na Bibi Saa Nne alitambua kwamba angekuwa yeye, angeuliza vivyo hivyo. Shemeji yake alikuwa ametazama sakafu.

"Hujui," alisema. "Na mimi sina sauti nyingine ya kukupa. Basi nitakuja mwenyewe. Shule yenu ina watu wazima wangapi wanaoweza kukutana Jumatatu?"

"Wazazi wakiitwa, mia mbili. Lakini ni mbali, Bibi. Gari linaishia mtoni, na baada ya hapo ni mwendo wa saa mbili."

"Waite wazazi."

Alivuta karatasi iliyokuwa karibu, akaigeuza upande mweupe.

"Nikishashuka mtoni," alimwuliza, "nashika njia ipi?"