Vidonge kwa Chai ya Rangi

Fundi cherehani alikuwa mtu wa kupima watu, si wa kupimwa. Ukiingia tu mlangoni pake, alishajua kiuno chako, kifua chako, na uwongo utakaomwambia kuhusu vyote viwili. Kwa hiyo nesi wa kituo cha damu alipomtoboa kidole, akatazama kimashine chake na kutikisa kichwa, Fundi aliona wazi kuwa kibovu ni kimashine.

"Kumi na moja nukta nane," nesi akasema. "Sisi tunataka kumi na mbili na nusu. Leo hutoi, dada."

"Jaribu kidole kingine. Hicho kila siku kinachomwa sindano kazini, kimeshajifunza ubahili."

Foleni nzima ilicheka. Fundi mwenyewe hakucheka. Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alipangiwa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi baada ya miezi mitatu, na hospitali ilitaka ndugu wawili wachangie benki ya damu kwanza. Shemeji, mume wa mwalimu, alishatoa. Wazazi umri umewapita. Amebaki nani? Fundi. Asipotoa, tarehe inasogezwa mbele, na mwalimu amekwisha kufundisha miaka miwili ameegemea ubao kwa maumivu.

"Una upungufu kidogo wa damu," nesi akamweleza. "Chembe nyekundu ni wapagazi. Wanabeba hewa kutoka mapafuni hadi kidole gumba cha mguu. Wako ni wachache. Hujioni unahema ukipanda ngazi?"

"Nilidhani uzee."

"Uzee utakuja wenyewe, usiuite."

Daktari alimwangalia, akamwandikia vidonge vya madini ya chuma. Fundi alivimeza kama mtu aliyekula kiapo. Kila mchana, bila kunyanyuka kwenye cherehani, kidonge mdomoni, funda moja, pedali inaendelea. Maharage akala. Maini akala. Mboga za majani alikula mpaka shemeji, aliyekuja kumkagua kila Jumamosi, akamuuliza kama ameanza kutoa maziwa.

Baada ya wiki sita akarudi kituoni kifua mbele. Kimashine kikasema kumi na moja nukta tisa.

"Nukta moja!" Fundi akapiga yowe. "Wiki sita, nukta moja! Hata konokono angekuwa ameshafika na kuoga!"

"Vidonge unameza kweli?"

"Sijaruka hata siku moja."

"Unavimeza na nini?"

"Kwa chai ya rangi. Nzito, ile ambayo kijiko kinasimama chenyewe."

Nesi aliweka kalamu mezani, polepole. "Dada yangu. Chai hiyo inakishika chuma humo humo tumboni, kingi hakiingii mwilini. Umekuwa ukimkaribisha mgeni mlango wa mbele na kumtoa kwa mlango wa uani."

Fundi akacheka yeye kwanza, safari hii, mpaka akashika ukuta.

Tangu hapo kidonge kikaenda na maji, na chungwa juu yake. Chai ikasubiri saa mbili baada ya chakula, na shemeji alikuja na kuibeba chupa yenyewe, "kwa usalama wa taifa."

Wiki tatu kabla ya upasuaji, mtoto aliyekuwa akipimwa sare alimpigia Fundi chafya ya usoni, nzima nzima. Kesho yake pua maji, kichwa moto. Akampigia nesi simu akikaribia kulia.

"Usije," nesi akasema. "Chembe zako nyeupe ni askari, sasa hivi wako vitani. Joto hilo ni dalili kwamba wako kazini. Pumzika, kunywa maji, waache wamalize."

"Watamaliza lini?"

"Askari hawatoi ratiba, dada. Wakishamaliza, subiri wiki nzima, ndipo uje."

Wakamaliza siku ya tano. Fundi akaongeza wiki, akaenda na roho mkononi. Kidole. Tone. Kimashine kikafikiri kwa makusudi.

"Kumi na mbili nukta saba," nesi akasema. "Panda kitandani kabla sijabadilisha mawazo."

Aliutazama mfuko ukijaa. Wekundu ule! Angeupata kwenye kitambaa, asingemuuzia mtu.

"Hii ataipata mdogo wangu?"

"Ataipata anayeelewana nayo. Na yeye, akihitaji, atapewa inayoelewana naye. Ndiyo kazi ya benki."

Sindano ilipotoka, nesi akabandika pamba. "Na hicho kitundu nani anakiziba?" Fundi akauliza.

"Chembe sahani. Zinakimbilia penye tundu na kutia kiraka."

"Kumbe nina mafundi wenzangu humo ndani! Na hawanisalimii."

Akapumzika kama alivyoambiwa, kisha akaenda moja kwa moja shuleni na cheti cha kutoa damu. Mdogo wake alikuwa katikati ya hesabu. Alipomwona dadake mlangoni amenyanyua mkono wenye plasta, chaki ikamdondoka.

"Umetoa?"

"Nusu lita kasoro. Wapagazi na askari wengine wamebaki mwilini, wana kazi."

Mwalimu alimkumbatia, akicheka na kushika tumbo. "Usinichekeshe, dada, inauma." Halafu akawageukia wanafunzi, akifuta macho. "Alhamisi ijayo naanza likizo ya matibabu. Sitakuwepo. Na sitaki kusikia mtu anashangilia."

Darasa zima lilishangilia. Sauti ya juu kuliko zote ilitoka mlangoni.