Firigisi ya Walubengo

...chipsi kuku ama chipsi soseji, Mama, ananiuliza msichana wa kaunta, Jerono, jina limeandikwa kwa aproni, na mimi nimeshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anaogopa kuibiwa, kumbe ninachoogopa ni ile karai ya mafuta inatoa povu nyuma yake, ngoja kidogo mwanangu, bado naangalia, naangalia nini sasa, hakuna hoteli ya chipsi hapa Kitale ambayo ubao wake siujui... ni hii harufu, mafuta moto na chumvi, ndiyo imenivuta kutoka barabarani wakati miguu ilikuwa inaenda stendi kutafuta gari la Naitiri, na kwa daktari nimetoka sasa hivi tu, ameniambia, Mama Phelista, sukari imepanda, bado tunaweza kuirudisha kwa chakula, lakini ukicheza nayo utaanza sindano, ati ukicheza, mtu wa umri wangu acheze na nini... nikampigia Phelista nikiwa kwa geti, nikidhani nitamwambia polepole, yeye akasema, Mama, Baba alianza hivyo hivyo, na wewe ukienda mimi nabaki na nani, kisha nikasikia analia, mtoto wangu wa pekee, mtu mzima na watoto wake, analia kwa simu, na bado mimi huyu nimesimama mbele ya chipsi, Wilkista, una kichwa kweli?

Lakini si njaa, wallahi si njaa, ni Walubengo, baba yake Phelista... mwisho wa mwezi alikuwa ananingoja nje ya kiwanda cha karatasi pale Webuye, suruali imejaa vumbi jeupe, mji mzima unanuka kiwanda na sisi hatusikii chochote, tulikuwa wachanga, nani ana pua wakati ule, tunakaa benchi moja, sahani moja ya chipsi kuku, yeye anachagua zile ngumu zilizoungua kidogo, mimi ananiachia zile ndefu laini, na karatasi ya chini ikishalowa mafuta anaiinua kwa mwanga, Wilkista, hii ni mimi nilitengeneza, mzaha ule ule kila mwezi, na mimi kila mwezi nacheka mpaka machozi, halafu anageuza kuku, anakunja uso wake wa uongo, anaita mwenye hoteli, wewe, na imondo yangu iko wapi, umempa mwanaume gani... mwenye hoteli naye anaapa kuku wake alizaliwa bila firigisi, ha, maana kwetu Bungoma bibi akipika kuku halafu firigisi isionekane kwa sahani ya mwenye boma, hapo kuna kesi, wakwe wataitwa, na mimi miaka yote hiyo nimeipasua, nimeitoa ile ngozi ya manjano, nimeiosha, nimeikaanga, nimeisikia harufu yake mpaka kwa nguo, lakini kuionja, wapi, mama yangu hakuionja, nyanya hakuionja, na hakuna aliyeuliza...

Mama, watu wako kwa laini, anasema Jerono, na mwanaume nyuma yangu anakohoa, si useme tu bana, tuna njaa... nisamehe baba, nasema, kidogo tu... na tulipoambiwa Walubengo ana sukari, sisi tukatoa sukari, basi, watiifu kabisa, chai ikakosa utamu, soda marufuku, kopo la sukari likaenda kwa jirani, na mwisho wa mwezi tunakula chipsi yetu kama kawaida, haina sukali hii, Wilkista, ni viazi vya shamba, sukali, hivyo ndivyo alivyoiita mpaka siku ya mwisho, na mimi nikaona mume wangu ana akili, chipsi ni chumvi, sukari iingilie wapi... kidole kikaenda, kisha mguu, kisha yeye mwenyewe, ee Mungu, nimemkosa, namkosa mpaka mdomoni, na nikisema leo sitaki chipsi ni kama namfukuza kwa lile benchi.

Kama hutaki mafuta, anasema Jerono, sauti yake sasa imeteremka, nakuwekea mboga ya managu na kachumbari badala ya chipsi, kuku ya kuchemsha iko, ama firigisi, tumechoma kwa makaa leo, hazitoki, wanaume wa huku wanazipigania kwao tu, hapa hawazitaki... firigisi, na ile Krismasi ya mwisho nilimpikia jogoo, mguu mmoja hana, ameegemea mto, akaikata firigisi katikati kwa kijiko, kwa shida, akanisukumia nusu, kula, Wilkista, kula uone, na mimi nikairudisha haraka, mzee, watu watasema nini, na watu hawakuwepo, tulikuwa wawili tu na taa, akaniangalia, akacheka kidogo, akaila yote, na mimi nikatoa sahani... alitaka nikae naye kwa sahani moja, ndiyo hiyo tu alitaka, benchi lilikuwa pale pale na mimi ndiye niliinuka... na sasa nani anafunga mlango jioni, nani anabishana na mwenye trekta, Phelista anamlilia nani kwa simu, boma ni la nani kama si langu, na mate yanajaa mdomoni, na hayajajaa kwa sababu ya chipsi.

Mama, tuseme nini, chipsi kuku?

Chipsi wacha, nasema. Firigisi, na managu nyingi.

Sawa, nafunga? Ni ya mzee nyumbani, eh?

Hapana, mwanangu, ni yangu. Weka kwa sahani, naila hapa.